"Kazi ya Mungu haina makosa": maneno ninayoomba myaache nje ya mlango wa wodi

SEHEMU YA 1

Wiki hii sina somo la chanjo wala la uji wa lishe. Nina hasira. Nimeisubiri siku nne ipungue ndipo niandike, haijapungua, basi naandika nayo hivyo hivyo.

Ilikuwa zamu ya usiku. Mama wa mimba ya kwanza, wiki 37, kaletwa na bodaboda akiwa amechelewa sana. Mtoto akatoka kimya. Tukamkausha, tukamsugua mgongo, tukamwekea barakoa na kumpa pumzi kwa lile puto la mkono. Dakika ya kwanza huwa tunaiita dakika ya dhahabu. Ikapita. Zikapita na nyingine. Saa kumi alfajiri nilimfunga kwenye kanga mpya, ile iliyokuja kwa ajili ya kumpokelea, nikampa mama yake ambebe.

Kulipokucha ndugu wakaruhusiwa kuingia. Shangazi mtu akasimama miguuni pa kitanda, akatamka kama anayesoma tangazo: "Usilie mwanangu. Kazi ya Mungu haina makosa. Alishapanga." Wa pili akaongezea kwamba Mungu kampenda zaidi. Wa tatu, mtu wa maombi sana, hakusema kitu pale kitandani. Alimvuta mume pembeni, karibu na sinki ninaponawia, akamwuliza kwa sauti ya chini kama mkewe ana jambo ambalo hajalitubu, maana mtoto aliyeombewa hafi hivi hivi.

Walipotoka nikaenda kumpima presha. Akanishika mkono.

"Sista, kama alishapanga afe, alinipa mimba ya nini?"

Akanyamaza kidogo.

"Halafu hajabatizwa. Yuko wapi sasa hivi?"

Nina miaka 14 kwenye kazi hii. Sikuwa na jibu. Nikamwambia apumzike, nikajifanya narekebisha mkanda wa presha ambao haukuwa na shida yoyote.

Nilipogusia habari hii hapa kwa mistari mitatu tu, maoni yakafurika. Wengi mlilia na mimi. Lakini wapo walioniambia nesi nibaki na sindano zangu, mambo ya Mungu niwaachie wachungaji. Sawa. Wachungaji nawaheshimu, baba yangu mdogo ni mmoja wao. Ila saa kumi alfajiri mchungaji yuko kwake amelala, na anayeulizwa mtoto yuko wapi ni mimi. Kwa hiyo nimesoma. Nimewasumbua mchungaji wetu, paroko wa mume wangu na mwalimu mmoja wa chuo cha Biblia mpaka wakachoka. Nitawaletea nilichokuta kidogo kidogo, na sitawaficha nasimama wapi.

SEHEMU YA 2

"Alishapanga" nini hasa? Hapa ndipo watu wanachanganya dawa mbili kwenye chupa moja.

Wakristo wanapobishana kuhusu kuchaguliwa tangu asili na hiari ya binadamu, swali lao ni la wokovu. Je, Mungu alichagua kabla ya kuumba ulimwengu ni nani atakuwa wake, na huyo aliyechaguliwa lazima afike? Au anamwita kila mtu, na mtu anaweza kuitika au kukataa? Wa upande wa kwanza watakufungulia Waefeso 1 na Warumi 9. Wa upande wa pili watakufungulia 1 Timotheo 2, pale Paulo anaposema Mungu anataka watu wote waokolewe. Wote wanasoma Biblia hiyo hiyo.

Mabishano haya ni ya zamani, yana miaka 1,600 sasa, na yalipamba moto hapa hapa Afrika. Augustino, askofu wa Hippo, mji ulio kwenye Algeria ya leo, alipambana na Pelagio, mtu wa Britania aliyefundisha kwamba binadamu akiamua kweli anaweza kuishi bila dhambi. Mwaka 418 maaskofu wa Afrika walikutana Karthago wakayakataa mafundisho ya Pelagio. Tangu hapo karibu makanisa yote yanakubaliana kwamba hakuna anayejiokoa mwenyewe bila neema. Wanachogombania ni kwamba neema ikishakuja, mtu anabakiwa na nafasi kiasi gani ya kusema ndiyo au hapana.

Umeona? Hao wazee hawakuwa wanajadili kama mtoto wa wiki 37 afe Jumanne.

Sasa kuna mtu ataniambia: "Lakini sista, Mungu si ndiye anayejua siku zetu zote?" Ndiyo, na hata Calvin, ambaye jina lake limeshikamana na fundisho la kuchaguliwa kuliko mtu mwingine yeyote, alifundisha kwamba hakuna kinachotokea nje ya mapenzi ya Mungu. Ila kwenye kitabu chake kile kile alijibu watu wanaosema kama siku imepangwa basi tahadhari ya nini. Alisema yule aliyeweka mpaka wa maisha yetu ndiye huyo huyo aliyetukabidhi kazi ya kuyatunza, akatupa njia za kuyalinda na akatuonya juu ya hatari. Ukiona hatari, usikimbilie kichwa kichwa. Ukipewa dawa, itumie. Huyo ni Calvin, jamani! Mtu ambaye tungetegemea aseme "ndiyo ilivyoandikwa" ndiye anayekwambia uende kliniki.

Sasa nielezeni "siku ikifika imefika" tumeitoa wapi.

Nimewahi kumpokea dada wa mimba ya miezi minane, kichwa kinamuuma siku tatu, macho yanaona ukungu, uso umevimba. Kila anayesoma ukurasa huu anajua hiyo ni nini, nimeiandika mara ngapi? Presha ya mimba inayoelekea kifafa. Nyumbani alisema anataka kwenda hospitali. Mama mkwe, ambaye hana ubaya hata kidogo, anampenda huyo binti, akasema tumwachie Mungu, kama amepanga iwe salama itakuwa salama. Wakaomba usiku kucha. Alfajiri degedege likaanza. Tulimchoma sindano ya magnesiamu, tukamkimbiza kufanyiwa upasuaji. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Kwenye mazishi unajua kilichosemwa. Kazi ya Mungu haina makosa.

Mimi ninaamini kazi ya Mungu haina makosa. Kwa sababu hiyo hiyo naomba tusimbandikie makosa yetu.

Na nisiwaonee mama wakwe peke yao. Sisi wenye sare nyeupe ni wabaya zaidi. Kituo kimoja nilichofanya kazi miaka ya nyuma, sitakitaja, lile puto la kumpa mtoto pumzi lilikuwa limepasuka, wiki nzima tunajua, kila zamu inaiandikia zamu inayofuata. Likaja kuhitajika. Baada ya hapo mwenzangu akamwendea mama, akamshika bega, akamwambia ni mapenzi ya Mungu. Mimi nilikuwepo. Nilinyamaza. Kwa hiyo ninapowaambia kuwa maneno haya yanaweza kutumika kufunika uzembe, siongei habari za kusikia.

Tuna kikao cha kupitia vifo vya wajawazito na watoto wachanga. Kuna fomu. Inauliza mama alichelewa wapi: kuamua nyumbani, njiani, au akiwa tayari mikononi mwetu? Nimejaza fomu nyingi. Hakuna kisanduku cha "siku yake ilifika". Wanaoamini kuchaguliwa na wanaoamini hiari wote tunakaa meza moja na fomu ile, na hakuna hata mmoja aliyewahi kulalamika kwamba inapingana na imani yake.

SEHEMU YA 3

Jana mmenitumia meseji nyingi mno, nitajibu nikipata nafasi. Aliyeniambia "wewe Mlutheri unampinga Luther wako" nimekuwekea sehemu hii.

Ni kweli. Mwaka 1525 Luther aliandika kitabu kizito dhidi ya Erasmus kueleza kwamba nia ya binadamu iko utumwani, haiwezi kumgeukia Mungu kwa nguvu zake. Sijui kama kuna aliyeandika kwa ukali zaidi dhidi ya hiari. Basi tungetegemea mtu kama huyo akifika wodi ya wazazi aseme nini? "Nyamaza, alishapanga"?

Mwaka 1528 alizika binti yake Elisabeth, mtoto wa miezi minane hivi. Halafu mwaka 1542 akaandika maandishi mafupi kwa ajili ya wanawake ambao mimba zao zimeharibika au watoto wao wamefia uzazini. Nilipoelezwa yaliyomo nilikaa chini. Anasema akina mama hao wasitishwe wala wasihuzunishwe zaidi kwa maneno makali. Wakati wa kuwafariji, waambiwe si kosa lao, maadamu hawakumwacha mtoto kwa uzembe. Kuhusu ubatizo ambao haukuwahi kumfikia mtoto, anasema hamu ya mama ya kumleta mtoto wake kwa Mungu, hata ile aliyoshindwa kuitamka, hata kule kuguna kwake kwa uchungu, Mungu anaihesabu kuwa sala. Kwa hiyo asidhani mtoto wake amepotea. Mwezi Septemba mwaka huo huo binti yake mwingine, Magdalena, miaka 13, akamfia mikononi.

Mwaka huo huo wa 1542, Geneva, mke wa Calvin, Idelette, alijifungua kabla ya wakati. Mtoto njiti, kwa lugha ya wodini kwetu. Walimwita Jacques. Hakukaa sana. Calvin alimwandikia rafiki yake kwamba Bwana amewatia jeraha kali kwa kifo cha mtoto wao, kisha akaongeza kuwa Mungu ni baba na anajua kinachowafaa watoto wake.

"Si umeona! Hata yeye alisema Mungu anajua!"

Nimeona. Lakini tazama nani anasema, na anasema kuhusu mtoto wa nani. Jeraha ni la kwake, barua ni ya kwake, mtoto ni wa kwake. Na neno la kwanza aliloandika ni kwamba inauma. Hiyo ni tofauti kabisa na mimi niliyekula chai yangu nyumbani, nikapanda daladala, nikaja kumwambia mwenzangu ambaye maziwa yanamtoka na hakuna wa kuyanyonya kwamba Mungu anajua kinachomfaa.

Mnapenda sana yale maneno ya Ayubu kuhusu kutoa na kutwaa, yako kwenye kila msiba. Nani aliyasema? Ayubu. Aliyezika watoto 10. Rafiki zake walipofika walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, na hapo walikuwa wagonjwa wazuri wa kuigwa, wageni wa wodi ningewapenda sana. Walipofungua midomo kumweleza kwa nini, ndipo walipoharibu, na mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia wao, si Ayubu. Maneno ya imani anayoyasema mwenye msiba ni yake. Ukiyachukua ukamsemea, umemnyang'anya.

Twende haraka kidogo hapa. Baada ya Calvin ugomvi uliendelea Uholanzi. Jacobus Arminius, mwalimu wa Leiden aliyefariki mwaka 1609, alifundisha kuwa Mungu humchagua yule anayejua tangu awali kwamba ataamini, na kwamba neema inaweza kukataliwa. Wafuasi wake wakaandika hoja tano mwaka 1610. Wapinzani wao wakaitisha sinodi Dordrecht, 1618 hadi 1619, hoja zikakataliwa, na siasa ikaingia humo humo mpaka mzee mmoja mkubwa wa serikali akakatwa kichwa. Watu hawa hawakuwa na mchezo. Hiyo sinodi ya Dort ndiyo iliyofunga fundisho la kuchaguliwa kwa kufuli.

Na hapo hapo, ndani ya fundisho la kwanza kabisa, waliweka kipengele kwa ajili ya wazazi: wazazi wacha Mungu wasiwe na shaka juu ya kuchaguliwa na wokovu wa watoto wao wanaoitwa katika uchanga. Mwishoni wakakanusha kwa ukali sifa mbaya waliyopakwa, kwamba eti wanafundisha watoto wengi wa waumini wananyakuliwa bila hatia kwenye matiti ya mama zao na kutupwa motoni. Walisema hiyo wanaichukia.

Wanaume watupu, na vitabu vyao vya Kilatini, kwenye mkutano wa miezi sita, wakakumbuka matiti ya mama. Wewe shangazi, umemuona mwanao kwa macho na ukasahau.

Sitajifanya kila kitu kwao ni kitamu. Walisema wazazi wacha Mungu. Kuhusu watoto wa wengine hawakusema lolote pale, na mimi huwa ninahudumia watoto wa watu wote. Hilo la kwamba wengine waliachwa tangu asili siwezi kulimeza. Calvin mwenyewe alikiri ni amri ya kutisha. Ninachosema ni kwamba hata ukiwa wa upande huo, tena ukiwa wa upande huo kwelikweli, huna kibali cha kumwambia mama maneno uliyomwambia.

SEHEMU YA 4

Sasa zamu yetu sisi wa hiari. Mlikuwa mnachekelea kwenye maoni ya jana, nimewaona.

Mwaka 1739 John Wesley alihubiri dhidi ya fundisho la kuchaguliwa, akasema neema ni ya bure kwa wote na ndani ya wote. Rafiki yake George Whitefield akampinga, wakatofautiana kweli. Mama yake Wesley, Susanna, alizaa watoto 19, karibu nusu wakafa wangali wachanga. Aliyelelewa na mama wa namna hiyo akisema Mungu hamtupi mtu kabla hajazaliwa, mimi namsikiliza. Katika makanisa yetu ya leo, Wapentekoste wengi na Wasabato wako upande huu wa hiari, na Mtaguso wa Trento mwaka 1547 nao ulisema hiari ya binadamu imedhoofika lakini haijazimika, ndiyo Wakatoliki hao. Moyo wangu uko huku.

Ndiyo maana yule wa tatu, wa karibu na sinki, ameniumiza kuliko shangazi. Shangazi alitaka kufariji akakosea. Huyu alitafuta mshtakiwa.

Angalia hiari inavyogeuzwa sumu. Inaanza vizuri: mtu ana nafasi ya kuitika wito wa Mungu. Halafu inasogezwa: mtu akiamini vya kutosha anapata anachoomba. Inasogezwa tena: hujapata, basi hukuamini vya kutosha. Mwisho wa safari ni binti wa miaka 22 aliyelala kwenye godoro la plastiki, akihesabu siku alizofunga na siku alizokatiza mfungo kwa sababu ya kichefuchefu, akitafuta ni siku ipi iliyomuua mtoto wake. Arminius hakufundisha hivyo. Wesley hakufundisha hivyo. Hiari waliyoigombania ni ya kupokea wokovu, haikuwa rimoti ya kuendeshea kondo la nyuma.

Yesu alishaulizwa swali hili. Yohana 9, kipofu tangu kuzaliwa: nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake? Alijibu kwamba si yeye wala wazazi. Luka 13, mnara wa Siloamu ulianguka ukaua watu 18. Akawauliza kama wanadhani hao walikuwa wakosaji kuliko wengine wote Yerusalemu, akasema sivyo. Sijui tunahitaji mara ngapi.

Nikueleze kitaalamu pia, dada yangu, maana huenda unasoma hii saa nane usiku na wewe unahesabu. Watoto wachanga wengi wanaokufa wanauawa na mambo matatu: kuzaliwa kabla ya wakati, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, na maambukizi. Kondo linaweza kuachia mapema kwa mama asiye na kosa lolote. Kitovu kinaweza kutangulia. Na mara nyingine tunatafuta sababu, tunapima, hatuipati. Mawazo mabaya uliyokuwa nayo kwa wifi yako hayakuzuia oksijeni. Kugombana na mumeo hakukukaza kitovu. Kutoamka kwa maombi ya saa tisa hakukuleta presha.

Na kama kweli kuna kitu ulichelewa kufanya, hukujua, au hukuwa na nauli, au hukuruhusiwa kutoka nyumbani, njoo tukiongee mimi na wewe, mlango umefungwa, ili mimba ijayo tuwe pamoja mapema. Shirika la Afya Duniani linashauri mahudhurio 8 ya kliniki kwa kila mimba. Tukianza mapema tunaona mengi. Hayo ni mazungumzo ya wodi. Toba ni jambo lako na Mungu wako, halianzishwi na jirani kwenye korido.

SEHEMU YA 5

Swali la pili la yule mama. Hajabatizwa, yuko wapi?

Hili limenisumbua kuliko yote, kwa sababu mimi mwenyewe nimebatiza. Ndiyo. Mara kadhaa, kwa maji ya bomba kwenye kijiko cha chuma. Kanisa Katoliki linaruhusu mtu yeyote kubatiza mtoto aliye katika hatari ya kufa, ilimradi anakusudia kile Kanisa linachokusudia, anamwagia maji na kutaja Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Sisi Walutheri nasi tuna ubatizo wa dharura. Wazazi wakiniomba na mtoto bado anapumua, naacha kila kitu dakika moja. Wazazi wasipoomba, simbatizi mtoto wa mtu kwa siri. Wenzangu manesi, hilo nalo tuliache.

Kwa mtoto aliyeshafariki, ubatizo haufanyiki. Sakramenti ni ya walio hai. Na hapo ndipo mama anavunjika, kwa sababu alishasikia mahali kwamba asiyebatizwa hafiki.

Amesikia wapi? Kwa bahati mbaya hili halikutungwa na shangazi. Augustino mwenyewe alifundisha kwamba watoto wanaokufa bila ubatizo wanahukumiwa, ingawa adhabu yao ni nyepesi kuliko zote. Karne zilizofuata watu wakashindwa kulibeba hilo, wakaja na limbo, mahali pa pembeni, hakuna mateso lakini Mungu haonekani uso kwa uso. Bibi zetu walifundishwa limbo. Wengine bado wanaibeba moyoni pamoja na majina ya watoto ambao hawajawahi kuwataja kwa mtu.

Bibi, kama mjukuu wako anakusomea hii, sikiliza. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 haiwapeleki watoto hao limbo. Inawakabidhi kwa huruma ya Mungu, na inasema tuna ruhusa ya kutumaini kwamba ipo njia ya wokovu kwa ajili yao. Mwaka 2007 tume ya kimataifa ya wanateolojia ya Vatikani ilitoa waraka mzima kuhusu tumaini hilo, kwa idhini ya Papa Benedikto XVI. Na kama wazazi walikusudia kumbatiza, askofu anaweza kuruhusu mtoto azikwe kwa ibada ya Kanisa. Watu wengi hawajui hili, wanazika nyuma ya nyumba kimya kimya kama wanaoficha kitu. Ulizeni paroko.

Wapentekoste, Wabaptisti na Wasabato hawabatizi watoto wachanga kabisa, kwa hiyo kwao swali hili halimhukumu mtoto. Calvin, tunarudi kwake tena, hakutaka wakunga wabatize, na alinikera nilipolisoma hilo. Lakini sababu yake ilinituliza: alisema ahadi ya Mungu inawachukua watoto wetu kuwa wake hata kabla hawajazaliwa, kwa hiyo asiyewahi maji hajapoteza kitu. Nitaendelea kubatiza, anisamehe. Ila nimeipenda sababu.

Kwa hiyo hesabuni wenyewe. Anayefundisha kuchaguliwa anamwambia mama mwamini asiwe na shaka. Anayefundisha hiari anasema mtoto hakuwahi kukataa neema, atahukumiwa kwa kukataa nini? Mkatoliki anamwambia tumaini. Mlutheri anamwambia kuguna kwako kulikuwa sala. Wamekatana vichwa kwa mengine yote, lakini mbele ya kitanda hiki hakuna anayemfungia mlango. Aliyebaki anaufunga ni mgeni wa saa ya kuona wagonjwa, mwenye chupa ya chai.

SEHEMU YA 6

Fupi, naingia zamu.

Mnauliza tuseme nini basi. Sema pole. Sema "nipo". Uliza mtoto aliitwa nani, na ukiambiwa jina, litaje. Fua zile kanga. Mpelekee mtori na usimlazimishe kuumaliza. Maziwa yatamjaa siku ya tatu au ya nne na hakuna atakayekuwa amemwambia. Mletee kitambaa kilicholoweshwa maji ya baridi, avae sidiria inayombana vizuri, asiyakamue mpaka yaishe kwani ndivyo yanavyozidi kuja. Akipata homa, titi likiwa jekundu na la moto, au akitokwa damu nyingi au yenye harufu, mlete hospitali siku hiyo hiyo, usisubiri arobaini. Na baba mtu naye apewe kiti. Huwa tunamwachia kazi ya kutafuta jeneza na kubeba boksi, hatumuulizi kitu.

Yule mama nilimrudia asubuhi ile kabla hajaruhusiwa. Sikuwa nimesoma chochote bado. Nilimwambia tu, "Lile swali lako sikulijibu. Sijui kwa nini amekufa. Ila si wewe." Akaniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia kwamba nilikuwepo, niliona kitovu kilivyokuwa, na hilo ni jambo ninalolijua. Akalala saa mbili. Juzi nimemtumia sehemu ya 3 na ya 5 kwenye simu, akanijibu kwa neno moja, jina la mtoto.

Mlioniuliza kuhusu manjano kwa watoto wachanga sijawasahau. Jumatatu. Na mtu aliyeandika kuwa anapaka kinyesi cha ng'ombe kwenye kitovu, tafadhali usisubiri Jumatatu, nitumie meseji leo.